Nyumba iko Goba, Dar es Salaam, mwenye nyumba yuko Chennai: maongezi yangu ya Jumamosi kuhusu kamera za kujitengenezea

Wakubwa wote shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nimeambiwa nina nusu saa na projekta ndo hivyo imegoma, kwahiyo hakuna slaidi, ntaongea kwa mdomo tu. Nimekuja na huu mfuko una vyombo vyenyewe, mpitishiane mshike muone, ila naomba virudi vyote maana hiki kikadi kidogo hapa ndo kilikaa kwangu karibu miezi mitatu kinalinda nyumba. Au niseme kinaangalia nyumba, kulinda ni habari nyingine ntaifikia.

Kisa chenyewe ni kwamba mwaka 2024 mwishoni mwa Machi nilimpeleka mama Chennai, India, kwa matibabu. Tuliambiwa wiki tatu, tukarudi katikati ya Juni. Wife na watoto walienda kwa bibi yao Morogoro, dada wa kazi alikuwa kwao Singida, nyumba ikabaki haina mtu kabisa. Ufunguo wa geti nikamwachia mama jirani. Wa geti tu, kumbukeni hilo.

Sasa kabla ya safari nilienda Kariakoo kuulizia kamera. Fundi akaniambia seti ya kamera nne, kinasa video chake, waya na ufundi, bei aliyotaja nikaona hiyo ni tiketi ya mtu mzima kwenda India. Na zilikuwa zimebaki siku tisa. Nikarudi home nikaanza kufukua droo. Nilikuwa na Raspberry Pi ya zamani, hiki kikadi mnachokishika, kompyuta nzima saizi ya kitambulisho. Nilikuwa na kamera mbili za waifai za bei poa, simu ya Android iliyopasuka kioo, na rauta ya 4G ya laini. Nikasema humu humu patatosha.

Na msione aibu ya kujitengenezea. Kitu hiki cha kamera ya nyumbani kimeanzia kwa watu wa kujitengenezea. Kulikuwa na nesi New York, mtaa wa Queens, anaitwa Marie Van Brittan Brown, kazi yake ya shifti, anarudi saa mbovu, na polisi ukiwaita wanachelewa kama unavyojua. Mume wake Albert alikuwa fundi wa vifaa vya elektroniki. Wakaunda mlango wenye matundu manne na kamera inayopanda na kushuka kuchungulia tundu kwa tundu, picha inatokea kwenye tivii chumbani, na kuna kitufe cha kufungua mlango na kingine cha kuita msaada. Waliomba hataza mwaka 1966, wakapewa Desemba 1969. Nesi na fundi, basi.

Haya. Usiku wa nane hivi tuko Chennai, saa saba usiku kwao, nyumbani saa nne na nusu, nafungua simu nione geti langu, giza. Sio giza la usiku, hakuna kitu kabisa, kamera hazipo, rauta haipo. Mnajua moyo unavyofanya. Nikampigia mama jirani, pole kumwamsha, akachungulia dirishani akasema baba kwako kweusi tii ila kwangu umeme upo.

Luku imeisha.

Nilikuwa nimepiga hesabu vizuri sana ya kamera. Pi inakula kama wati 5, rauta kama 8, kamera mbili kama 8, jumla weka 20. Kwa siku hiyo ni wati-saa 480, nusu uniti, mwezi uniti kumi na tano. Hesabu safi. Nilichosahau ni friza la wife la barafu za biashara kule stoo, limeachwa linaunguruma peke yake na maji matupu ndani. Likala uniti zote kama mgeni wa harusi.

Haya luku kununua sio kazi, shemeji alinunua kwa simu dakika moja, tarakimu 20 akamtumia mama jirani. Ila mita yangu iko juu kwenye nguzo, na rimoti ya kuingizia namba iko ndani, kwenye korido, na ufunguo wa ndani uko mfukoni mwangu Chennai. Ikabidi kesho yake nimtafute fundi wa milango aje avunje kitasa, mama jirani na mjumbe wamesimama pembeni kama mashahidi. Yaani nyumba yangu imevunjwa mara moja tu safari nzima na aliyeagiza ni mimi mwenyewe, na kamera zilikuwa zimezima.

Ndo maana huwa nasema anza na umeme, kamera baadae. Jaza luku mpaka ibaki, chomoa kila kitu, rimoti iwe sehemu mtu anaifikia au ufunguo wa ndani awe nao mtu. Na weka betri. Mimi nilikuwa na betri ya volti 12 ya ampea-saa 7, ile ya kwenye UPS, kile kifaa cha kushikilia kompyuta umeme ukikata, kwenye karatasi ni wati-saa 84, kwa mzigo wa wati 20 unapata kama masaa manne, kiukweli betri ikiwa imezeeka hesabu mawili. Inatosha kwa mgao mfupi tu. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kilipofika pwani umeme kwangu ulikata muda mrefu, betri ikajitahidi ikachoka, nikakaa gizani tena, safari hii angalau najua kwanini.

Ile simu ya Android ntaisema haraka. Kuna apu zinageuza simu kuwa kamera, zinafanya kazi vizuri tu, ila simu ikikaa kwenye chaja usiku na mchana betri inavimba. Yangu wakati wa majaribio tu, siku ya tano, mgongo umeinuka kama andazi. Nikaitoa siku moja kabla ya safari. Kitu kinachovimba kwenye nyumba haina mtu ni moto huo. Kama lazima utumie simu, nunua soketi ya saa iwe inachaji masaa machache kwa siku.

Tuje kwenye bando, hapa wengi ndo wanaumia. Kamera ikirusha video muda wote kwa megabiti 2 kwa sekunde, ambayo wala sio picha kali, kwa siku inakula giga 21 na pointi. Kamera moja. Hakuna bando la laini la mtu wa kawaida litastahimili hiyo. Watu wananunua kamera za kurusha moja kwa moja mawinguni, yaani kwenye kompyuta za kampuni huko mtandaoni, siku ya tatu bando limekata, kamera imekuwa pambo. Mimi video zote zilibaki nyumbani, Pi inarekodi kwenye flashi kukiwa na kitu kimetikisika, mimi natumiwa picha moja ndogo tu. Picha kilobaiti mia, zije mia mbili kwa siku ni megabaiti 20. Nikiona picha ya ajabu ndo nafungua video.

Kuna jamaa wa Chuo cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1991 waliweka kamera iangalie birika la kahawa ili wasipande ngazi bure kukuta tupu. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, nukta 128 kwa 128, kitu cha aibu ukilinganisha na simu zenu. Lakini swali lao lilikuwa moja, kahawa ipo au haipo, na ile picha ilijibu. Kwahiyo kabla hujanunua kamera jiulize swali. Langu mimi lilikuwa geti limefungwa, mlango umefungwa, kuna mtu kibarazani? Sikuhitaji kuhesabu kope za mwizi.

Programu niliyotumia inaitwa motionEye, ni ya bure, unaiweka kwenye Pi, inaunganisha kamera zote na kuangalia kama kuna kilichotikisika. Sitaingia ndani sana, nitakayemkuta nje ana laptop ntamwonyesha. Ila mkanganyiko mkubwa ni namna ya kuifikia ukiwa mbali. Zamani tulikuwa tunafungua poti kwenye rauta, yaani kamlango ka kuingilia kutoka nje, unaingia kwa namba ya IP ya nyumbani. Kwenye rauta za laini mara nyingi haiwezekani, kampuni ya simu inapanga wateja kibao nyuma ya anwani moja, ukibisha hodi kutoka nje hakuna anayejua unamtaka nani. Ni kama nyumba ya kupanga yenye vyumba arobaini na kengele moja. Na hata ingewezekana nisingefanya, ntawaambia kwanini.

Dawa yake ni kifaa cha ndani ndo kipige kwenda nje, sio wewe kupiga kwenda ndani. Njia nyepesi kabisa ni boti ya Telegram, yaani akaunti inayojiendesha yenyewe, Pi inakutumia picha yenyewe kama rafiki anavyokutumia. Dakika kumi umemaliza. Njia ya pili, ukitaka kuingia kabisa kuona video, ni mtandao binafsi kama WireGuard au Tailscale, ambayo ndo niliyotumia. Hizo ni VPN, na mnakumbuka Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao, kwahiyo ukienda njia hiyo malizana na utaratibu kwanza, usije ukalinda nyumba ukapata kesi. Anayetaka amani abaki na Telegram.

Kwanini sifungui poti? Mwaka 2016 kulikuwa na kirusi kinaitwa Mirai. Kilikuwa kinazunguka intaneti kinatafuta kamera na rauta ambazo watu hawajabadilisha pasiwedi ya kiwandani, ile admin admin, kinajaribu orodha fupi tu ya pasiwedi na kinaingia. Oktoba mwaka huohuo mavifaa hayo yaliyotekwa yakatumika kuishambulia kampuni ya Dyn Marekani, mitandao mikubwa kama Twitter na Netflix ikawa haifunguki kwa watu wengi. Kamera za watu wa kawaida, hawajui hata kama zinafanya vita. Na anayeweza kuiamrisha kamera yako anaweza pia kuangalia sebule yako na kujua haupo. Badilisheni pasiwedi jamani. Leo, sio kesho.

Usiku wa kwanza nilipata picha zaidi ya mia nne. Mia nne! Nimekaa wodini nje simu inalia ti ti ti mpaka manesi wananiangalia. Kati ya hizo mtu hakuna. Mjusi, nondo, mwembe wa jirani unapepea, na buibui, huyu ndo adui namba moja. Kamera za usiku zina vitaa vya infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni, kuzunguka jicho, wadudu wanasogea pale, buibui sio mjinga anajenga utando hapohapo mbele ya lenzi, na utando ukimulikwa unang'aa mweupe, upepo ukiusukuma kamera inaona jitu linapita. Nilizima vitaa vya kamera kutoka Chennai, bahati nzuri kibarazani kuna balbu iko mbali kidogo na kamera, mama jirani akawa anaiwasha jioni. Alafu nikafunika sehemu ya mwembe, kwenye programu unachora tu eneo la kupuuza. Zikashuka mpaka picha kumi na tano, ishirini. Hapo ndo unaanza kuziangalia kweli, maana picha mia nne kwa siku ni sawa na kutokuwa na kamera, utazizoea utazipuuza.

Na mpange saa. Pi hizi za zamani hazina betri ya saa ndani, umeme ukikata zikiwaka zinasubiri intaneti ziambiwe saa ngapi, intaneti isipokuwepo zinaendelea na saa ya uongo. Mimi nilikuwa na klipu inasema 23:14 wakati jua linawaka. Ukienda polisi na klipu hiyo utajieleza. Kuna kisaa kidogo cha kuchomeka juu ya Pi, cha bei ndogo, nunueni.

Sasa nije kwenye siku ambayo kamera ilinifaa, na haikuwa mwizi. Ni mvua za Aprili, zile ambazo tarehe 25 Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, aliliambia Bunge zimeshaua watu 155 nchini. Wiki hiyohiyo, alfajiri ya Chennai, simu ikalia, picha ya geti, nikaona chini kunang'aa. Nikadhani ni buibui wangu. Picha ya pili kunang'aa kumepanda. Ni maji, yanatoka barabarani yanaingia chini ya geti kama mtu aliyealikwa. Nikampigia mama jirani, hakuniambia nisubiri, akatoka na kijana wake, wakafungua (kitasa kipya ufunguo alikuwa nao sasa, somo tulishalipia), wakazima swichi kubwa, wakanyanyua magodoro na friza juu ya matofali, wakatoboa tundu chini ya ukuta wa nyuma maji yakapita. Akanipigia, "Baba, yamefika kwenye kibaraza yakagoma." Mimi niko kilomita elfu ngapi huko, nimesimama kwenye korido la hospitali nashika simu. Kamera ilichofanya ni kuniambia tu. Aliyelowa ni mama jirani.

Alafu Jumapili ya tarehe 12 Mei ndo ile nyaya za chini ya bahari zilikatika, EASSy na Seacom, kule upande wa Afrika Kusini, mtandao ukayumba Afrika Mashariki nzima na kwetu ukawa hoi. Telegram kimya. Wengine hapa mlikuwa mnalalamika WhatsApp haifunguki, mimi nilikuwa nimepoteza nyumba. Ila sikupagawa kama mara ya kwanza kwasababu nilijua Pi inarekodi kwenye flashi yake haihitaji mimi kuona, na simu ya kawaida ya sauti ilikuwa inapita, ghali lakini inapita. Kamera zile zinazotegemea mawingu ya nje siku hiyo zilikuwa macho ya kioo. Ndo maana nasisitiza rekodi ibaki nyumbani, alafu flashi ifiche, usiiweke kando ya tivii maana mwizi atabeba vyote kwa mpigo.

Kitu kingine mama yangu ndo alinifundisha. Alivyoanza kupata nafuu akawa kila asubuhi anataka aonyeshwe nyumba, naweka simu kwenye mto anaangalia. Siku moja nikaona mama jirani ameanika nguo uani kwetu, mashuka, kanga, kamba nzima. Nikakasirika kidogo, nikataka kumpigia. Mama akasema muache aanike, kwanza mwambie aanike kila siku, nguo zikiwa kwenye kamba nani atajua hakuna mtu. Mimi nimekesha na makamera na maprogramu, ulinzi wenyewe kanga ya jirani. Tukamwomba na awe anafagia mbele ya geti, na kijana wake awe anaegesha bodaboda ndani usiku. Tangu hapo hata picha za watu wanaosimama kuchungulia getini zikapungua, hilo nililiona mwenyewe kwenye flashi.

Na kwa heshima ya hao majirani, kamera isiangalie kwao. Mimi moja ilikuwa inakula kipande cha dirisha la mama jirani, nilienda kumwambia kabla sijasafiri, nikamwonyesha picha, nikakiziba kile kipande kwenye programu mbele ya macho yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, msidhani picha ya mtu ni mali yako kwasababu kamera ni yako. Na wale mnaoficha kamera chumbani kwa dada wa kazi, mi sitawaelewa mpaka nakufa. Ya sebuleni mwambie ipo, mwonyeshe ilipo. Chumbani na bafuni hapana, hakuna mjadala.

Naona mzee pale mbele amenyoosha mkono. Anauliza kama kuna kilichoibiwa. Kipo mzee wangu. Mita ya maji. Iko nje ya ukuta, na kamera zangu zote nilizielekeza ndani, kwa mapenzi yangu mwenyewe. Waliikata, wakaondoka na shaba yao, mama jirani aliona maji yanamwagika barabarani asubuhi. Kwenye rekodi za usiku ule nilikuta mjusi mmoja.

Dada anauliza vyote viligharimu shilingi ngapi. Nilivyonunua vipya ni flashi na soketi, vingine vilikuwa droo. Kilichoniuma zaidi ni kitasa na fundi wake. Mwingine anauliza kama ningesafiri tena kesho ningebadilisha nini: kamera moja itazame nje kwenye mita na barabara, friza lizimwe, na mama jirani nimwekee salio la kutosha kwenye simu yake kabla sijaondoka, maana siku ya mafuriko alinipigia kwa hela yake, kupiga India sio mchezo, na hakusema mpaka nimerudi.

Mi nimemaliza. Mfuko naona umefika, asanteni. Pi ipo, kamera ya kwanza ipo, ya pili ipo, betri... adapta ya rauta iko wapi? Ilikuwepo. Kaka wa nyuma kabisa mwenye kofia, angalia chini ya kiti chako.